Jani Lipi, kwa Maji Gani, Kiasi Gani? Hotuba kuhusu viambata vya mimea ya malaria

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya waganga wa tiba asili, wauguzi na wanafunzi wa sayansi. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.)

Wazee wetu, ndugu waganga wa tiba asili, wauguzi, wanafunzi, habari za asubuhi.

Swali tunaloulizwa kila mara ni hili: mti huu unatibu malaria au hautibu? Ndugu zangu, swali hilo limekatwa katikati. Mti upi hasa? Sehemu gani ya mti: gome, mzizi, jani, mbegu? Dawa yake imetolewa kwa maji baridi, maji ya moto, pombe au mafuta? Na mgonjwa mwenye kilo 60 amepata miligramu ngapi za kile kinachoua vimelea, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi? Anayesema "unatibu" bila kujibu hayo hajasema kitu. Na anayesema "hautibu" bila kujibu hayo naye hajasema kitu.

Kabla ya mimea, tumjue adui. Kimelea kinachoua zaidi ni Plasmodium falciparum. Kikiingia ndani ya seli nyekundu ya damu kinakula himoglobini, na kinaimeng'enya ndani ya kifuko chake kidogo cha chakula. Protini inaliwa, lakini ile sehemu yenye madini ya chuma, yaani himu, inabaki. Himu ikiwa huru ni sumu kwa kimelea chenyewe. Basi kinaibana na kuigeuza fuwele za rangi ya kahawia zisizoyeyuka. Nyote mnaosoma damu kwa hadubini mmeziona fuwele hizo. Kwinini, kwa jinsi kazi yake inavyoeleweka leo, inaingia ndani ya kifuko hicho, inashikana na himu na kuizuia isiwe fuwele. Sumu inarundikana, kimelea kinakufa kwa mabaki ya mlo wake. Kumbukeni habari ya chuma hicho, maana tutakutana nacho tena.

Sasa tuanze na gome.

Mti wa kwinini, sinkona, asili yake ni milima ya Andes: Peru, Bolivia, Ekuado. Gome lake lina alkaloidi, yaani viambata vichungu vyenye nguvu mwilini, zaidi ya 20, na kubwa kati yake ni nne: kwinini, kwinidini, sinkonini na sinkonidini. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Ufaransa, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifanikiwa kuitenga kwinini peke yake. Kuanzia hapo daktari aliweza kupima uzito wa dawa yenyewe badala ya uzito wa gome. Kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa? Kwa sababu magome hayafanani. Hayafanani hata kidogo.

Sikilizeni habari za Manuel Incra Mamani. Alikuwa mzawa wa Bolivia, mtu aliyeijua misitu ya sinkona na kuweza kutofautisha mti na mti. Mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, alimtegemea yeye kumtafutia mbegu za miti bora. Mbegu zikapelekwa London mwaka 1865. Serikali ya Uingereza haikuzitaka, ila Waholanzi walinunua kiasi kidogo na kuzipanda kisiwani Java. Miti ilipokua na magome kupimwa, mengine yalikutwa na kwinini hadi asilimia 13, ilhali sinkona nyingi zilizopandwa kabla yake zilikuwa na asilimia chache tu. Kutokana na mbegu hizo Java ikaja kushika sehemu kubwa kabisa ya biashara ya kwinini duniani. Na Mamani? Wakuu wa kwao walimkamata kwa kosa la kuwapa wageni mbegu, akapigwa, akafa. Mti uliitwa kwa jina la Ledger. Tunalitaja jina la Mamani hapa kwa makusudi, kwa sababu ujuzi wa kujua mti upi ulikuwa wake.

Sasa hesabu, na msiiogope hesabu. Dozi ya kawaida ya kwinini kwa mtu mzima ni miligramu 600 kila baada ya saa 8, yaani miligramu 1,800 kwa siku, kwa siku 7. Tuache pembeni tofauti ya uzito kati ya kwinini tupu na chumvi yake. Gome lenye asilimia 5, hata kama kila chembe ya kwinini ingetoka, mgonjwa angehitaji unga wa gramu 36 kwa siku. Gome lenye asilimia 1, gramu 180 kwa siku. Na gome la asilimia 13? Chini ya gramu 14. Kwa macho magome yote matatu ni makavu, ya rangi ya kahawia, machungu. Anayepima kwa kiganja au kwa kijiko anaweza kumpa mmoja kidogo mno, vimelea vikabaki, na mwingine nyingi mno, akaanza kusikia mlio masikioni, kizunguzungu, macho kufifia, hata moyo kwenda ovyo. Kwinini haina uwanja mpana kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru.

Hapa tuseme neno moja kuhusu ule mvinyo au soda chungu yenye kwinini ambayo wapo wanaoamini inawakinga. Kwa sheria ya Marekani, soda ya namna hiyo hairuhusiwi kuzidi miligramu 83 za kwinini kwa lita. Gawanyeni 1,800 kwa 83. Mtu angepaswa kunywa zaidi ya lita 21 kwa siku.

Swali la pili: maji gani? Katika miaka ya 1670 alikuwepo Mwingereza, Robert Talbor, aliyejipatia sifa kwa kutibu homa za wakubwa wa Ulaya kwa dawa ya siri. Hadharani aliwaonya watu wajihadhari na gome la sinkona. Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa aliinunua siri hiyo kwa sharti kwamba isitangazwe wakati Talbor yu hai. Talbor akafa mwaka 1681, na mwaka uliofuata siri ikatolewa. Ilikuwa nini? Gome lile lile la sinkona, ndani ya mvinyo!

Mvinyo ulifanya kazi ambayo wakati ule hakuna aliyeweza kuieleza. Alkaloidi ni besi, yaani kinyume cha asidi. Ikiwa tupu, maji hayaipendi: gramu 1 ya kwinini tupu inahitaji karibu lita 2 za maji ili iyeyuke. Lakini ikikutana na asidi inageuka chumvi, na chumvi inayeyuka. Gramu 1 ya kwinini hidrokloridi inayeyuka kwenye maji yasiyofika hata mililita 20. Mvinyo una asidi, na una pombe ambayo nayo inayeyusha alkaloidi. Talbor alikuwa na kiyeyushi bora kuliko wenzake waliochemsha gome kwa maji matupu.

Ndani ya gome pia kuna tanini, vile viambata vikakasi kama vya chai ya rangi. Ukichemsha gome kwa maji, chungu kikiwa cha moto maji yanaonekana yamekolea vizuri. Yakipoa yanakuwa na ukungu, na mashapo yanatuama chini. Mashapo hayo si uchafu. Ni tanini zilizoshikana na alkaloidi. Anayemwaga mashapo ili dawa iwe safi anamwaga dawa. Viwandani walilimaliza tatizo hili kwa chokaa: unga wa gome unachanganywa na chokaa na maji kidogo ili alkaloidi ziachane na tanini, zinavutwa kwa kiyeyushi cha mafuta, kisha asidi ya salfuriki iliyozimuliwa inazirudisha kwenye maji zikiwa chumvi, na fuwele za kwinini salfeti zinajitenga. Kwa wanafunzi: njia hii ya kwenda kwenye asidi na kurudi kwenye besi ndiyo mnayoitumia hadi leo mnapotoa alkaloidi kwenye mmea wowote.

Walioko Usambara wanaijua Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zilipozuiwa, kwinini ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ilitengenezwa hapo kutoka kwenye magome ya miti iliyopandwa milimani. Jeshi lilipopoteza eneo hilo na kurudi kusini, likabaki na kuchemsha magome tu, na askari wakanywa maji machungu ajabu waliyoyapa jina la pombe ya kamanda wao. Kemia ya Amani ilibaki Amani. Gome lilikuwepo, lakini kila aliyekunywa alipata kiasi kilichobahatika kutoka.

Ndugu zangu, tukae sasa kwenye pakanga, maana ndipo maneno ni mengi.

Tunazungumzia Artemisia annua, ambayo Wachina huiita qinghao. Karne ya nne, tabibu wa China aitwaye Ge Hong aliandika maelekezo mafupi: chukua qinghao mkono mmoja, loweka kwenye maji kiasi fulani, kamua, kunywa maji yake yote. Sikilizeni tena: loweka, kamua. Hakusema chemsha.

Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 Tu Youyou akapewa kuongoza kundi la watafiti mjini Beijing. Walikusanya mapishi ya dawa zaidi ya 2,000 kutoka kwa matabibu na maandiko ya kale, wakatengeneza dondoo, yaani kile kinachotolewa kwenye mmea kwa kiyeyushi, zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200. Dondoo ya qinghao siku moja ilizuia vimelea kwenye panya kwa asilimia 68. Walipoirudia ikashuka, mara asilimia 40, mara asilimia 12. Wengi wangeuacha mmea huo hapo. Tu akarudi kwa Ge Hong, akasoma neno kamua, akajiuliza kama joto ndilo lilikuwa linaharibu kazi. Akabadili kiyeyushi, akatumia etha, ambayo inachemka kwenye nyuzi 35 tu. Kisha akaitenganisha dondoo: sehemu yenye asidi, iliyokuwa na sumu na isiyo na kazi, akaiondoa, akabaki na ile isiyo asidi wala besi. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilifuta vimelea kwa asilimia 100 kwenye panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliinywa kwanza wao wenyewe kupima usalama, na mwaka huo huo fuwele za artemisinini, kiambata chenyewe kinachoua vimelea, zikapatikana. Tuzo ya Nobel ilikuja 2015.

Kwa nini etha ilifaa? Artemisinini haina asidi wala besi, kwa hiyo ule ujanja wa mvinyo hauisaidii kugeuka chumvi. Maji yanaiyeyusha kwa shida sana. Ge Hong alipoloweka na kukamua mmea mbichi alikuwa anavibana vitezi vidogo vya mafuta vilivyo juu ya jani, ambamo artemisinini imehifadhiwa, na mafuta hayo yakatoka pamoja na maji. Majaribio ya maabara yaliyofanywa baadaye yameonesha kuwa kuponda na kukamua majani mabichi kunatoa artemisinini nyingi mno kuliko kuyamwagia maji ya moto kama chai. Wazee wa kale hawakujua vitezi hivyo, lakini kitenzi kimoja katika maelekezo yao kilibeba kemia yote. Ndiyo maana tunasisitiza, na tutarudia: mganga anapokwambia namna ya kuandaa, usiandike "huchemshwa" kwa mazoea. Andika alichosema.

Na artemisinini inauaje? Ndani ya molekuli yake kuna daraja la atomi mbili za oksijeni zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Hapa ndipo tunakutana tena na chuma. Chuma cha himu kinalivunja daraja hilo, na vipande vinavyotokea ni vikali, vinashambulia protini za kimelea huku na huku. Ukiiondoa oksijeni moja ya daraja, molekuli inabaki na umbo karibu lile lile, lakini haiui tena.

Sasa swali ambalo wengi wenu mmekuja nalo. Je, chai ya pakanga inatosha?

Kwanza, pakanga ipi? Artemisia afra, ndugu yake wa Afrika, haina artemisinini ya maana. Pili, hata annua yenyewe inatofautiana: majani makavu yanaweza kuwa na chini ya asilimia 0.1 au yakapita asilimia 1, kutegemea mbegu, hali ya hewa na siku ya kuvuna. Kiasi kinakuwa kikubwa karibu na wakati mmea unapoanza kutoa maua, ukichelewa kinashuka. Majani yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanapoteza zaidi.

Tatu, kinachofika kwenye damu. Watafiti waliandaa chai ya gramu 9 za majani makavu kwenye lita 1 ya maji. Ilikuwa na miligramu 94.5 za artemisinini, karibu asilimia 19 ya dozi ya siku iliyokuwa ikipendekezwa, miligramu 500. Na artemisinini inatoka mwilini upesi: kila baada ya saa mbili hadi tatu hivi nusu yake imeondoka.

Mtu atasema, lakini watu wanakunywa na homa inashuka! Kweli, inashuka. Hebu tuhesabu vimelea. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuwa na vimelea trilioni 1 mwilini. Kimelea kinamaliza mzunguko wake kwa saa 48. Dozi kamili ya dawa ya jamii ya artemisinini inapunguza vimelea kama mara 10,000 kwa kila mzunguko. Siku 3 zinagusa mizunguko miwili: kutoka trilioni 1 hadi milioni 100, kisha hadi 10,000. Hao 10,000 wanamalizwa na dawa mwenza inayokaa mwilini kwa siku nyingi. Sasa tuseme dozi ni dhaifu, inapunguza mara 100 tu kwa kila mzunguko. Trilioni 1 inakuwa bilioni 10, kisha milioni 100. Kwenye milioni 100 wagonjwa wengi hawana homa tena, na hata msomaji mzuri wa hadubini anaweza asione kitu. Mgonjwa anasimama, anashukuru, anarudi kazini. Chai imekwisha, na vimelea milioni 100 vinaendelea kuzaa. Baada ya wiki mbili au tatu tunaambiwa ni "malaria mpya".

Hili limeonekana pia kwa mti mwingine. Uganda walijaribu maji ya majani ya Vernonia amygdalina, ule mti mchungu ambao baadhi yetu tunauita mtukutu, kwa watu wazima wenye malaria isiyo kali. Siku ya 14, karibu theluthi mbili walikuwa na nafuu. Lakini kati ya hao wenye nafuu, ni chini ya theluthi moja tu ambao vimelea viliisha kabisa kwenye damu, na wengi wa hao vikawarudia. Mtu mzima aliyeishi na malaria tangu utotoni ana kinga kiasi. Homa inaweza kushuka bila dawa yoyote kali. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Kilichomtosha babu yake hakitamtosha yeye.

Tuje kwenye sumu, na hapa tuwe wakweli sisi kwa sisi. Ukali si tiba. Mmea wa China uitwao Dichroa febrifuga una alkaloidi, febrifujini, inayoua vimelea vya malaria kwa nguvu kuliko kwinini. Haikuwa dawa, kwa sababu wagonjwa walitapika mno na ini likaathirika. Toddalia asiatica, inayotumiwa na Wapokoti wa Kenya, ilikutwa na nitidini, kali sana dhidi ya vimelea kwenye maabara, lakini inaua seli nyingine pia, hadi ikachunguzwa kama dawa ya saratani. Kriptolepini ya mzizi wa njano wa Cryptolepis sanguinolenta, unaotumiwa Ghana, inashika himu kama kwinini, ila inajipenyeza pia kwenye DNA. Ghana walifanya jambo la kuigwa: tangu 1975 wana kituo cha utafiti wa dawa za mimea pale Mampong, ambako dawa za aina hii zinaandaliwa kwa kipimo na kuchunguzwa.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni Argemone mexicana, mmea wa miiba wenye maua ya njano. Mali walifanya kazi nzuri sana nao. Walianza kwa kuuliza familia: mgonjwa alitumia nini, akapona au hakupona? Mmea huu ukajitokeza. Wakapima dozi, kisha wakalinganisha maji yake yaliyochemshwa na dawa mseto, yaani dawa ya jamii ya artemisinini pamoja na dawa mwenza. Waliohitaji kuongezewa tiba nyingine walikuwa wachache pande zote mbili: asilimia 89 hawakuihitaji kwa mmea, asilimia 95 kwa dawa mseto. Sasa geuzeni mmea huo huo, chukueni mbegu. Mbegu zina mafuta yenye sangwinarini, alkaloidi yenye sumu. Mwaka 1998 mjini Delhi, mafuta ya kupikia ya haradali yalichanganyika na mafuta ya mbegu za Argemone. Miguu ilivimba, mioyo ikashindwa kazi, watu zaidi ya 60 wakafa. Mmea mmoja! Anayeandika "Argemone hutibu malaria" bila kutaja sehemu ya mmea anaweza kuua.

Mwarobaini nao ni hivyo. Jani lina limonoidi kama gedunini, zinazofanya kazi kwenye bomba la maabara lakini hafifu ndani ya mnyama. Mafuta ya mbegu zake waliponyweshwa watoto wachanga nchini Malaysia, walitapika, wakalegea, wakapata degedege na kupoteza fahamu. Mama asimpe mtoto mchanga mafuta ya mwarobaini anywe. Hata tone.

Hata sokwe wanachagua. Mwaka 1987 huko Mahale, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyezijua dawa za msitu ule, walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la Vernonia amygdalina. Alimenya ganda, akaacha majani, akatafuna moyo wa shina, akameza maji yake na kutema nyuzi. Kesho yake alikuwa na nguvu. Uchunguzi uliofuata ulielekeza zaidi kwenye minyoo kuliko malaria, lakini ukaonesha kuwa vernodalini, kiambata chenye sumu, iko nyingi kwenye majani aliyoyaacha.

Wanafunzi, neno lenu. Mkipata dondoo inayoonekana kuua vimelea kwenye maabara, msishangilie kabla ya kuangalia mambo mawili. Mimea mingi ina saponini, viambata vinavyotoa povu kama sabuni, na saponini zinapasua seli nyekundu. Kimelea kimekufa kwa kuwa nyumba yake imebomolewa, na mgonjwa hawezi kupewa hiyo. Wekeni dondoo kwenye seli zisizo na vimelea kwanza. Maji ya juu yakigeuka mekundu, mmepata jibu. Pili, tanini zinashika protini zote zilizomo na kutoa matokeo ya uongo. Halafu pimeni kwenye seli za binadamu: kama kiasi kinachoua seli hakizidi walau mara 10 kile kinachoua kimelea, nyie hamna dawa bado. Na kabla ya yote, tawi lenye jani na ua likaushwe, libandikwe, lipelekwe kwenye hifadhi ya mimea. Kazi nyingi nzuri zimepotea kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni mmea gani ulipimwa.

Kwa nini tunasema artemisinini isitumike peke yake, iwe kidonge au chai? Kwa sababu ya usugu. Vimelea vyenye mabadiliko kwenye jeni ya kelch13 vilianza kusumbua Kambodia. Mwaka 2020 vikaripotiwa Rwanda, 2021 Uganda. Kila mgonjwa anayepata dozi hafifu anaviachia vile vilivyo sugu nafasi ya kuzaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya pakanga kwa namna yoyote katika kutibu au kukinga malaria. Wapo wanaoona msimamo huo ni dharau kwa tiba asili. Sisi hatuuoni hivyo. Dawa mseto yenyewe imetoka kwenye jani hilo.

Na mgonjwa akipewa dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, mweleze vizuri. Mwenye kilo 35 au zaidi: vidonge 4, kisha 4 baada ya saa 8, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24. Anywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, kwa sababu lumefantrini bila mafuta inapita tumboni bila kuingia kwenye damu. Akitapika ndani ya saa moja, arudie dozi. Homa ikishuka siku ya pili, amalize vyote.

Waganga wetu, tunawaomba daftari. Kwa kila dawa ya homa andikeni jina la mti kwa lugha ya mahali, sehemu iliyotumika, mbichi au kavu, mwezi wa kuvuna, uzito kwa mizani na si kwa kiganja, maji kiasi gani na ya joto gani, imekaa muda gani, mashapo yamenywewa au yamemwagwa, kikombe cha mililita ngapi, mara ngapi, siku ngapi. Andikeni pia kipimo cha damu kilisema nini kabla na siku ya 28 baada. Na jina la aliyefundisha dawa hiyo lisikosekane, kwa haki yake.

La mwisho ni la dharura. Mtoto mwenye homa akipata degedege, akilegea asiweze kukaa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, akipauka sana au akikojoa mkojo mweusi, dawa ya kunywa ya aina yoyote imeshapitwa na wakati. Hapo inatakiwa sindano ya artesuneti. Ni artemisinini ile ile, ambayo wanakemia wameiongezea kipande chenye asidi ili mwishowe ikubali kuwa chumvi na kuyeyuka kwenye maji: miligramu 2.4 kwa kila kilo, au 3 kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, mara apokelewapo, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, halafu mara moja kwa siku hadi aweze kumeza dozi kamili ya dawa mseto. Kama hospitali iko mbali na mtoto hajafika miaka 6, mhudumu aliyefunzwa anaweza kumwekea artesuneti ya njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kila kilo, mara moja, na safari ianze saa ile ile. Dawa hiyo inamnunulia muda wa kufika. Haimponyi peke yake. Mganga atakayekuwa wa kwanza kumwona mtoto huyo asianze kuchemsha kitu. Atafute usafiri.

Asanteni sana.